Namna ya kuipata pembe usiyoijua kwenye pembetatu, kutoka suali jepesi mpaka la kidato cha nne

Assalaam alaykum. Hii nawaandikia wanafunzi wetu wa Unguja na Pemba, na wazazi wanaokaa nao jioni wakisharudi chuoni kuwasaidia kazi za skuli, mana suali hili la pembe ya tatu halikosekani kila yakikaribia mitihani, na jibu linalotembea ni lile la haraka haraka, jumlisha mbili ulizopewa afu toa kwenye 180. Jibu hilo sahihi kabisa. Ila mtoto akishika hilo peke yake, suali likigeuzwa kidogo tu anakwama, tena anakwama mtoto mwenye akili zake, kwasababu mtihani haumuulizi kutoa, kutoa anakujua tokea darasa la pili, mtihani unamuuliza kama ameusoma mchoro. Kwaiyo kitu kimoja nataka ukishike mwanzo mpaka mwisho: kutoa ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni kuandika kila kitu ambacho mchoro unakwambia.

Na wazazi mnaoogopa kwasababu vitabu vya watoto ni vya kiingereza (sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ndo iliyopeleka hisabati na sayansi kwenye kiingereza kuanzia darasa la tano), msiogope. Mchoro hauna lugha. Bi mkubwa aliyesoma pembetatu kwa kiswahili zamani anaweza kabisa kukaa na mjukuu wake wakalimaliza suali.

Sasa hii 180 inatoka wapi? Usiipite hapa, mana ukiielewa hapa yale masuali magumu ya mbele yanakuwa mepesi yenyewe. Chukua karatasi, kata ukanda mrefu, upana kama wa manda za sambusa, kingo zake mbili, wa juu na wa chini, ziwe sambamba. Weka nukta moja popote kwenye ukingo wa juu, weka nukta mbili kwenye ukingo wa chini moja kushoto moja kulia, unganisha kwa rula. Ushapata pembetatu, kitako kimelala kwenye ukingo wa chini na ncha inagusa ukingo wa juu. Hebu tizama pale juu kwenye ncha. Pana pembe tatu zimepangana kwenye mstari mmoja ulionyooka: moja ya kushoto iliyo nje ya pembetatu, moja ya kati ambayo ni ya pembetatu yenyewe, na moja ya kulia iliyo nje. Zote tatu pamoja zinafanya mstari ulionyooka, yani nyuzi 180, hapo hapana ubishi.

Haya, ile ya kushoto ya juu ikate kwa mkasi, igeuze juu chini, iweke juu ya pembe ya kushoto ya kitako. Inakaa barabara, haizidi haipungui. Ni kwasababu mstari mmoja umezikata kingo mbili zilizo sambamba, na pembe hizo mbili zimekaa kama zilivyo kona za herufi Z. Ya kulia fanya vivo hivyo, nayo inakaa juu ya pembe ya kulia ya kitako. Kwaiyo zile tatu za juu zilizofanya 180 ndo pembe tatu za pembetatu yako, hakuna iliyoongezwa hakuna iliyopunguzwa. Na haijalishi pembetatu ni nyembamba au nene, ndogo au kubwa, mana hatukusema popote nukta ziwekwe wapi. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyekuwa Iskandaria kule Misri, aliithibitisha kwa kuchora mstari sambamba kiasi cha miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na hoja ile ile mpaka leo inasimama.

Kwa wale wanaopenda kudadisi: hii ni ya karatasi bapa. Juu ya mpira mambo mengine. Ukitoka Ncha ya Kaskazini ukateremka mpaka ikweta, ukaifata ikweta robo ya dunia, ukarudi tena Ncha ya Kaskazini, umechora pembetatu yenye pembe tatu za nyuzi 90, jumla 270. Kwenye daftari lakini, na kwenye msingi wa nyumba, ni 180 bila shaka.

Tuanze na suali jepesi. Pembetatu ABC, pembe A ni nyuzi 65, pembe B ni nyuzi 48, tafuta C.

65 + 48 = 113
180 − 113 = 67

Pembe C nyuzi 67. Kalamu usiiweke chini bado, zijumlishe zote tatu, 65 na 48 na 67, zikitoka 180 umesalimika, zikitoka 170 au 190 basi umekosea kukopa kwenye kutoa, na alama inapotea bure kwa kitu ambacho sekunde tano tu zingekiona. Na jiulize pia, jibu linaingia akilini? Pembetatu haiwezi kuwa na pembe mbili butu (zinazozidi nyuzi 90), wala mbili za nyuzi 90, manake zikishafika 180 mbili peke yake ya tatu itakaa wapi. Ukipata jibu la sifuri au la chini ya sifuri, rudi juu, kuna kitu umekisoma vibaya.

Sasa tuje kwenye kuusoma mchoro, na hapa naomba twende taratibu. Mchoro wa mtihani haukuchorwa kwa vipimo. Pembe inayoonekana kama 90 inaweza kuwa 84, pande zinazoonekana sawa zinaweza zisiwe sawa kabisa, kwaiyo jicho usiliamini na kipimapembe usikiweke juu ya karatasi ya mtihani. Unachokiamini ni alama tu. Kijisanduku kidogo kwenye kona, hiyo ni pembe mraba, andika 90 hapo hapo. Vistari vidogo vimekata pande mbili, kimoja kimoja kila upande, pande hizo ni sawa, na pande zikiwa sawa basi na pembe zinazozitazama pande hizo ni sawa. Mishale midogo juu ya mistari miwili, mistari hiyo ni sambamba, itafute Z yako. Mstari uliorefushwa ukatoka nje ya pembetatu, hapo pana 180 nyengine imejificha. Na maneno pia yasome, "ABC ni pembetatu pacha ambayo AB = AC", yani yenye pande mbili sawa, hiyo ni taarifa kamili, imekupa pembe bila kuitaja. Mwanafunzi anaeandika namba zote hizi kwenye mchoro kwa penseli kabla hajafanya hesabu yoyote, mara nyingi akimaliza kuandika anakuta jibu limeshajitokeza, na yule anaekimbilia 180 anakaa anaitizama karatasi anasema suali halina namba.

Mfano wa kijisanduku. Fundi kaegemeza ngazi ukutani apake chokaa, ngazi imefanya nyuzi 72 na ardhi, je juu pale inapogusa ukuta imefanya nyuzi ngapi na ukuta? Namba umepewa moja tu. Lakini ukuta umesimama wima na ardhi imelala, kwaiyo pembe yao ni 90, hii hakuna atakaekuandikia. 90 na 72 ni 162, baki 18. Na ukishazoea unaruka hatua moja: kwenye pembetatu mraba zile pembe mbili nyengine jumla yake ni 90 daima, kwaiyo 90 − 72 = 18 basi.

Pembetatu pacha ndo inayoleta vilio. Itazame nyumba yenye paa la pande mbili, ile kenchi ya mbele, boriti mbili zinazopanda zina urefu sawa na zinakutana juu. Zile mbili za chini kwenye kitako ni sawa sawa. Kama ya juu kileleni ni nyuzi 110, basi 180 − 110 = 70, hizi 70 zigawe kwa mbili, kila moja ya chini ni 35. Ukipewa ya chini mambo yanageuka: ya chini ni 35, basi na mwenzake ni 35, jumla 70, ya juu 180 − 70 = 110. Watoto wanachanganya hapa, wanapewa ya chini wanagawa kwa mbili, au wanapewa ya juu wanaizidisha kwa mbili. Dawa yake ni moja, kabla ya hesabu weka kidole kwenye pande mbili zilizo sawa, pale zinapokutana ndo kileleni, hata kama mchoro umelazwa ubavu na kileleni kumetazama kulia. Kitako si upande ulio chini ya karatasi, kitako ni ule upande ambao hauna mwenzake.

Na kuna suali moja zuri sana ambalo waalimu wanalipenda: "Pembe moja ya pembetatu pacha ni nyuzi 50. Tafuta nyengine." Hakuna mchoro. Wengi wanaandika jibu moja, lakini yapo mawili. Ikiwa 50 ni ya kileleni, za chini ni 65 na 65. Ikiwa 50 ni ya kitako, mwenzake ni 50 na ya juu ni 80. Yote mawili sahihi na lazima yaandikwe yote. Ila wakikwambia pembe moja ni nyuzi 100, jibu ni moja tu, 40 na 40, kwasababu 100 haiwezi kukaa kwenye kitako, zingekuwa mbili za 100 na tushasema mbili butu hazikai. Pembetatu sawa, ile yenye pande tatu sawa, sina haja ya kuieleza, 60 kila kona.

Pembe nje. Refusha upande mmoja wa pembetatu, pembe inayotokea nje pale kwenye kona ni pembe nje, na ni sawa na jumla ya zile pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Sababu: pembe nje na jirani yake wa ndani wanafanya mstari ulionyooka, 180. Jirani huyo pamoja na wale wawili wa mbali nao wanafanya 180. Mtoe jirani pande zote mbili, kilichobaki ni sawa. Kwa mfano pembe nje ni nyuzi 125 na pembe moja ya mbali ni 58, basi ya pili ni 125 − 58 = 67. Hukuhitaji hata kuigusa 180. Anaependa njia ndefu nae atafika: 180 − 125 = 55, halafu 55 + 58 = 113, halafu 180 − 113 = 67. Jibu moja, ila kwenye mtihani dakika ni mali.

Mistari sambamba ushaijua tokea kwenye ukanda wetu. Mistari miwili sambamba, pembetatu katikati, ncha inagusa mstari wa juu. Nje ya ncha upande wa kushoto wamekuandikia 46, na pembe ya kulia ya kitako ni 71. Watoto wanasema hii 46 haimo ndani ya pembetatu haitusaidii. Inasaidia, iteremshe kwa ile Z, pembe ya kushoto ya kitako ni 46. Basi ya nchani ni 180 − 46 − 71 = 63.

Tuingie kwenye herufi. Pembe tatu zimeandikwa x + 10, 2x − 20 na x + 30, na suali linasema tafuta pembe kubwa kuliko zote. Jumlisha zote tatu uziweke sawa na 180, huo ndo mlinganyo wako:

(x + 10) + (2x − 20) + (x + 30) = 180
4x + 20 = 180
4x = 160
x = 40

Sasa hapa wengi wanapiga mstari chini ya 40 wanafunga daftari. Suali halikuuliza x! Rudisha 40 kwenye kila pembe: 50, 60, 70. Jumla 180, sawa. Kubwa ni 70. Nakusihi mwanafunzi, ukimaliza mlinganyo wowote rudi usome tena mstari wa mwisho wa suali uone wametaka nini.

Afu kuna yale masuali yenye pembetatu mbili zimeshikana, na hapo ndo utaona faida ya kuandika kwanza kutoa baadae. Chora pembetatu ABC, kitako BC. Juu ya BC weka nukta D, unganisha A na D. Umeambiwa AD = BD, pembe B ni nyuzi 35, na pembe DAC ni nyuzi 40. Tafuta pembe C. Ukikimbilia 180 kwenye pembetatu kubwa huna kitu, unayo pembe moja tu kamili. Tulia. AD = BD, kwaiyo pembetatu ndogo ABD ni pacha, pande zake sawa zinakutana D, basi pembe za A na B ndani yake ni sawa, BAD ni 35 pia. Iandike. Pembe ADC ipo nje ya pembetatu ABD, kwaiyo ni 35 + 35 = 70. Iandike. Sasa hamia pembetatu ADC: unayo 70 kwenye D, unayo 40 kwenye A, C ni 180 − 110 = 70. Hakikisha na ile kubwa: A nzima ni 35 + 40 = 75, B 35, C 70, jumla 180. Na ukiangalia vizuri pembetatu ADC ina 70 mbili, manake nayo ni pacha na AC ni sawa na AD, jambo ambalo suali halikulitaja lakini mchoro umelisema. Namna hii ndo inavyokwenda kila mara: pembetatu moja inakupa namba, unaipeleka kwa jirani yake, jirani anakupa jibu.

Kitu chengine ambacho hakisomeshwi sana ni nyuzi na dakika. Nyuzi moja ina dakika 60, kama saa. Kwenye ramani za baharini utaona hivyo, mji wa Zanzibar upo kiasi nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya ikweta. Ukipewa pembe mbili, moja nyuzi 47 dakika 35, ya pili nyuzi 68 dakika 50, jumlisha dakika kwanza: 35 na 50 ni 85, hizo ni nyuzi 1 na dakika 25. Jumla nyuzi 116 dakika 25. Kwenye kutoa, 180 iandike kama nyuzi 179 na dakika 60, toa, unapata nyuzi 63 dakika 35. Unakopa 60, usikope 100 wala 10.

Kwenye karatasi unaweza kudhani haya yote ni ya mtihani tu, lakini tazama hii. Watu wawili wamesimama pwani ya Nungwi, mmoja A mwengine B, kati yao mita 400 wamezipima kwa utepe. Wanaitizama ngalawa moja imetia nanga nje. A anapima pembe kati ya mstari wa pwani unaokwenda kwa B na ngalawa, anapata 74. B nae kwa upande wake anapata 58. Pembe ya tatu ipo kwenye ngalawa, baharini, hakuna alietia mguu majini, lakini wanaijua: 180 − 74 − 58 = 48. Na wakishaijua hiyo wanapata na umbali, kwa ile kanuni ya saini (sine, kitufe cha sin kwenye kalkuleta) kwamba kila upande ukiugawa kwa saini ya pembe inayoutazama unapata namba moja. Upande wa pwani, mita 400, unatazamwa na pembe ya ngalawa, 48. Umbali wa kutoka A mpaka ngalawa unatazamwa na pembe ya B, 58. Basi:

umbali = 400 × sin 58 ÷ sin 48

ambayo ni kiasi cha mita 456. Bila ya ile pembe ya tatu hesabu hii isingeanza. Wapima ardhi zamani walichora ramani za nchi nzima kwa njia hii, pembetatu moja inazaa nyengine, kutoka mlima mpaka mlima na kutoka ras mpaka ras, wanapima mstari mmoja wa mwanzo kwa uangalifu mkubwa na baada ya hapo wanapima pembe. Na wao walizipima zote tatu kila walipoweza kuzifikia, ili 180 iwaoneshe kama kipimo kimekwenda kombo.

Ukipima mwenyewe kwa kipimapembe cha kwenye mkebe tegemea kasoro ya nyuzi moja hivi, jumla ikija 179 au 181 usishtuke. Ikija 200 basi umesoma mstari wa namba usio wako, kipimapembe kina safu mbili, moja inaanzia kulia moja kushoto. Tizama pembe kwanza, ni kali (chini ya 90) au ni butu, afu chagua namba inayokubaliana nayo.

Vipi kama hujapewa pembe hata moja, umepewa pande tu? Hii ni ya sekondari, na ya mafundi ujenzi. Fundi anaechukua mraba wa msingi anavuta kamba mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, akipima kati ya ncha zake akapata mita 5 kamili anajua kona ni 90. Nyuma ya kamba ile ipo hesabu: 3 × 3 ni 9, 4 × 4 ni 16, jumla 25, na 5 × 5 ni 25. Pembe mbili zilizobaki zinatoka kwa tanjenti (kitufe cha tan), yani upande unaoitazama pembe ugawe kwa ule wa pili wa kona ya 90, 3 ÷ 4 ni 0.75, kalkuleta inakupa kiasi nyuzi 36.87, na nyengine ni 90 − 36.87 = 53.13. Mfano huu huu kwenye paa: nyumba upana wa mita 6, kilele kimenyanyuka mita 1.5 juu ya ukuta. Igawe kenchi katikati, nusu yake mita 3, 1.5 ÷ 3 ni 0.5, pembe ya mteremko ni kiasi nyuzi 26.6, na ya kileleni ni 180 kutoa mbili za hizo, kiasi 126.9.

Kama hakuna kona ya 90 popote, pande tatu za 5, 6 na 7, tumia kanuni ya kosaini (kitufe cha cos) na uanze na pembe kubwa, ile inayotazama upande mrefu. Jumlisha miraba ya pande mbili fupi, 25 + 36 = 61, toa mraba wa ile ndefu, 49, baki 12. Gawa kwa mara mbili ya 5 × 6, yani 60. Unapata 0.2, na pembe yake ni kiasi nyuzi 78.5. Nasema anza na kubwa kwasababu kosaini ikitoka chini ya sifuri inakwambia moja kwa moja kwamba pembe ni butu, wakati saini haikwambii, saini ya 80 na saini ya 100 ni namba moja, na ukiitumia saini kutafuta pembe butu kalkuleta itakupa kali na wewe utaiandika. Na kabla ya yote tazama juu ya kioo cha kalkuleta, iwe na herufi D. Ikiwa na R, hiyo inahesabu kwa rediani, kipimo chengine cha pembe, na kila jibu litakalotoka halitakusaidia.

Haya, matatu ya kujaribu, fanya kwenye karatasi kwanza ndo ushuke chini. La kwanza: pembetatu pacha, hakikurefushwa kitako, ni mmoja wa zile pande mbili sawa ndo umerefushwa kupita kileleni, na pembe nje ya hapo kileleni ni nyuzi 134, tafuta pembe za kitako. La pili: pembe ni x + 15, 2x na 3x − 15, tafuta ndogo kuliko zote. La tatu: pembe moja ya pembetatu pacha ni nyuzi 70, tafuta nyengine.

La kwanza, pembe nje ni jumla ya zile mbili za mbali na hizo mbili ni sawa, kwaiyo 134 ÷ 2, kila moja 67. La pili, jumla ni 6x, x ni 30, pembe ni 45, 60 na 75, ndogo ni 45 wala si 30. La tatu, ukiandika jibu moja tu rudi kwenye ile ya 50 uisome tena: 70 na 40, au 55 na 55.